"Nipe ya kichwa": Uzi wa kutofautisha maumivu ya kichwa kwa dalili zake (wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tupite hapa)

#1 Mleta uzi, Uyole

Wakuu, habari za saa hizi. Ugonile kwa wa Rungwe, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Nimesomea uuguzi, na kwa miaka 11 sasa nauza duka la dawa muhimu hapa Uyole. Hakuna neno nililolisikia mara nyingi kuliko "nipe ya kichwa". Mtu anaweka hela juu ya kioo, kajifunga kitambaa kichwani mpaka paji la uso limeingia mkunjo, anataka vidonge viwili aondoke. Nikimuuliza kinaumaje, ananijibu "kinauma sana". Jibu hilo halinisaidii. Kichwa cha uchovu kinaweza kuuma sana na jioni kikaisha, na kichwa cha ugonjwa wa kuua kinaweza kuanza polepole kama mafua. Ukali wa maumivu unatudanganya kuliko kitu kingine chochote.

Mimi nauliza haya: kilianza ghafla au taratibu? Kiko upande gani? Kikianza kinakaa saa ngapi? Kinafuatana na nini? Halafu nauliza swali ambalo wengi hulishangaa: nani mwingine nyumbani kinamuuma?

Naanza na hilo la mwisho, maana baridi imeshaingia na mnajua tunavyolala.

Mwaka juzi mwezi wa saba kuna mama alikuja dukani asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza alinunua Panadol yake. Siku ya pili akanunua yake na ya maji ya mtoto. Siku ya tatu akaja na mtoto mwenyewe, wa miaka kama sita, kazungushiwa kanga mpaka masikioni, pembeni mwa mdomo kuna matapishi yaliyokauka. Nikampima joto, halikuwa juu. Mama akasema, "Tunaamka wote vichwa vinagonga. Huyu akishafika shule anapona, mimi nikishakaa sokoni napona. Tukilala, kinarudi."

Nikamuuliza usiku ndani kwao kuna nini. Akasema kuna jiko la mkaa, ila halina shida, kwa sababu huwa analiwashia nje, moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu ndiyo analiingiza chumbani.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni na kung'ang'ania hapo, mwili unakosa hewa huku wewe unajiona unapumua vizuri. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na inawapata watu wote waliolala chumba kimoja. Wanaoumia zaidi ni watoto na wajawazito. Ikizidi, mtu anapitiliza usingizini. Panadol ingewapunguzia maumivu, na usiku wangelala tena na lile jiko.

Niliwaambia waende hospitali wakawekewe oksijeni, wakaenda. Mjue pia kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hakiioni gesi hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mtu ana sumu. Kwa hiyo ukifika hospitali sema kwa mdomo wako: "Tulilala na jiko la mkaa." Usisubiri kuulizwa.

Sasa kile cha kawaida kabisa, ambacho karibu kila mtu amewahi kukipata: kichwa cha kukaza. Kinashika pande zote mbili, kama kilemba kilichofungwa kwa nguvu, mara nyingi na shingo na mabega vimekuwa vigumu. Hakigongi, kinabana tu. Kinakaa kuanzia nusu saa mpaka hata siku saba. Hutapiki, na unaweza kupanda mlima au kubeba ndoo bila kukizidisha. Kinaletwa na mawazo, usingizi mchache, kuinamia jembe au simu kutwa nzima, kushinda na njaa. Maji, chakula, kupumzika, kukandwa shingo, na Panadol mara mojamoja vinatosha.

Vingine tutaviona kadiri mtakavyouliza. Karibuni, elezeni dalili zenu, ila msiweke majina wala namba za simu.

#2 Kyela

Dada shikamoo. Huku kwetu kichwa kikiuma ni malaria, hatuumizi vichwa kutafuta majina. Nameza mseto, napona. Kuna ubaya?

#3 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kyela mko chini kando ya ziwa, kuna joto na mbu, kwa hiyo kuiwazia malaria ni sahihi. Hata wa mpunga kule Usangu nawaambia hivyohivyo. Ila kwa kawaida malaria haiji na kichwa peke yake. Kuna homa, baridi ya kutetemeka, viungo kuuma, mwili kukosa nguvu. Na kipimo cha haraka kipo, tone la damu ya kidoleni na dakika 15 hadi 20 majibu yanatoka.

Ubaya upo wa aina mbili. Kwanza, umemeza mseto, kichwa kimepoa kwa sababu kilikuwa kinapoa chenyewe, ukaamini ilikuwa malaria, na mwezi ujao unarudia. Nina wateja waliotibu "malaria" kila mwezi kwa miaka huku wana kipandauso. Pili, homa na kichwa vinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Ukiona homa, kichwa kikali, shingo imekakamaa kiasi kwamba kidevu hakigusi kifua, mwanga unachoma macho au mtu anaongea yasiyoeleweka, usipite dukani kwangu. Nenda hospitali usiku huohuo. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze. Angalia analia bila kunyamaza, hanyonyi, au utosi umevimba.

#4 Iringa mjini, mwalimu

Kamwene dada. Umetaja kipandauso, naomba uniambie kama ndicho changu. Kinaanza na macho. Nakuwa naandika ubaoni, naona kama kuna kipande cha kioo kinametameta pembeni, mistari inapindapinda, herufi zinakatika katikati. Baada ya kama dakika 20 macho yanarudi, halafu upande wa kulia unaanza kugonga pamoja na mapigo ya moyo. Nikisikia wanafunzi wanasogeza madawati natamani kulia. Harufu ya mafuta ya kukaangia inanitapisha. Nalala chumbani na pazia nimeshusha mpaka kesho yake. Mama yangu alikuwa hivyohivyo, na kijijini walimchanja chale kwenye kipaji mara tatu.

#5 Mleta uzi

Mwalimu, pole sana. Mimi si daktari wa kukuandikia cheti, lakini ulivyoeleza ndivyo kipandauso kinavyoelezwa vitabuni. Kinashika upande mmoja mara nyingi, ingawa kinaweza kuhama. Kinagonga. Kikianza bila kutibiwa kinakaa saa 4 hadi 72. Ukitembea au ukiinuka kinazidi. Kuna kichefuchefu au kutapika, na mwanga na kelele havivumiliki. Hii ndiyo tofauti kubwa na kichwa cha kukaza: mwenye kukaza anaendelea na kazi akinung'unika, mwenye kipandauso anatafuta giza. Mistari ya kumetameta kabla ya maumivu inawapata baadhi tu ya wagonjwa, na kila dalili ya aina hiyo hukaa kati ya dakika 5 na saa moja.

Kinatembea kwenye familia. Wanawake kinawapata kama mara tatu zaidi ya wanaume, na wengi kinafuatana na siku za hedhi. Kwa hiyo mama yako hakurogwa, na zile chale hazikuwa na la kutibu.

Mambo mawili ya kukushika mkono. Dawa ya maumivu imeze mapema, kikianza tu kugonga, usisubiri uanze kutapika kwa sababu tumbo likishagoma dawa haiingii vizuri. Na kama vinakujia mara nne au zaidi kwa mwezi, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia zinazomezwa kila siku. Propranolo na amitriptilini zinapatikana hospitali zetu, ila mwenye pumu asipewe propranolo.

La tatu naliandika peke yake kwa sababu wanawake wengi hawaambiwi. Je, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Vile vyenye homoni mbili, vikitumiwa na mwanamke mwenye kipandauso cha kuona mistari hiyo, vinaongeza hatari ya kiharusi. Nenda kliniki, waeleze hilo la macho, wakubadilishie njia. Zipo nyingine salama kwako.

#6 Iringa mjini, mwalimu

Navitumia mwaka wa nne sasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu macho. Jumatatu nakwenda.

#7 Mafinga

Mimi ni dereva, nabeba mbao. Mkuu, changu hakifanani na hivyo vyote. Kinakuja usiku saa nane, saa ileile, naamka kama nimechomwa na msumari nyuma ya jicho la kushoto. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, pua upande huohuo inaziba, kope inalegea. Siwezi kulala, natembea uani kwenye baridi, mke wangu ananikuta napiga kichwa ukutani. Saa moja hivi, kimeisha kabisa. Kesho tena. Kinaendelea mwezi mzima au miezi miwili, halafu kinapotea mpaka nakisahau. Nimeng'olewa magego mawili kwa ajili yake.

#8 Mleta uzi

Kaka, nimesoma maelezo yako mara mbili, na hayo magego yameniuma. Hicho ni kichwa cha aina yake, kwa Kiingereza wanakiita "cluster headache", si cha kawaida na wengi hawakijui hata sisi wa dukani. Kinashika jicho moja tu, dakika 15 hadi saa 3, kinarudi mara moja kila baada ya siku moja mpaka mara nane kwa siku, na kinakuja kwa misimu. Kinawapata zaidi wanaume. Kinachokitofautisha na kipandauso ni vile unavyofanya kikiwa kimekushika. Mwenye kipandauso analala kimya, wewe unatembea huku na huku huwezi kutulia.

Panadol hapa haifanyi kazi, kwa sababu mpaka ianze kazi kichwa kimeshaondoka chenyewe. Kinachosaidia wengi ni oksijeni ya hospitali, ile safi, kwa barakoa na kwa kasi kubwa kwa kama robo saa. Zipo pia dawa za kuzuia msimu usiendelee, na hizo ni za daktari. Nenda msimu ukiwa umeanza, mweleze hivi ulivyotueleza sisi: saa, jicho, machozi, pua. Pombe iache kabisa kipindi hicho, hata glasi moja ya ulanzi inaweza kukiamsha. Ila jicho jekundu linalouma huku huoni vizuri na unaona duara za rangi kuzunguka taa, hilo ni jambo jingine. Inaweza kuwa presha ya jicho imepanda ghafla na unaweza kupofuka. Hiyo ni ya kukimbizwa siku ileile.

#9 Makambako

Natumia Panadol mbili asubuhi na mbili jioni, mwaka wa pili sasa. Nisipomeza kinauma. Nikimeza kinapungua, asubuhi kipo tena. Nina duka stendi, siwezi kufunga nikalale.

#10 Mleta uzi

Dawa yenyewe sasa inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza. Mtu mwenye tabia ya kuumwa kichwa, akimeza dawa za maumivu za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo unazoea na kila dawa inapoisha mwilini kichwa kinaamka. Zile za mchanganyiko, zenye kafeini au kodeini ndani, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha. Dalili yake ni hiyo uliyosema: kipo karibu kila siku, na kinakusubiri asubuhi.

Njia ya kutoka ni kuacha, na siku za mwanzo kitazidi, kwa wengine mpaka wiki mbili. Usifanye peke yako. Mwambie daktari idadi halisi ya vidonge, usipunguze kwa aibu, na apime ini na figo. Chukua kalenda ya ukutani hapo dukani, kila siku ya kichwa weka alama, na kila kidonge weka nukta. Mteja wangu mmoja aliniletea kalenda yake ya miezi mitatu. Nukta zilikuwa nyingi kuliko alama, na hapo ndipo aliponiamini.

Nakiri na sisi wauzaji tunachangia. Mtu akija kila asubuhi kununua ya kichwa, kumuuliza ni wajibu wetu, na wengi hatuulizi.

#11 Mbozi, afisa mifugo

Naongezea kutoka upande wangu. Huku Songwe na mikoa yote hii tunafuga nguruwe, na wengi wanaachiwa wazurure hasa baada ya mavuno. Kuna tegu la nguruwe. Ukila nyama isiyoiva yenye vifuko vyake, vile vya maji vyenye nukta nyeupe ndani, unapata mnyoo tumboni. Huyo mwenye mnyoo akijisaidia porini, au asiponawa mikono, mayai yake yanafika kwenye mboga, maji na mikono ya wengine. Mtu akiyameza mayai hayo, vifuko vinaota mwilini mwake kama vilivyoota kwa nguruwe, na vinaweza kukaa kwenye ubongo. Hapo ndipo kinakuja kifafa ukubwani na kichwa kisichoisha.

Watu wanasema "mimi Muislamu, sili kiti moto, halinihusu". Linakuhusu, kwa sababu mayai yanatoka kwa binadamu mwenzako. Choo, kunawa na kufungia nguruwe bandani ndiyo kinga. Na nyama iive mpaka ndani, msikimbilie ile ya haraka ya jioni.

#12 Mleta uzi

Afisa, ndaga fijo (asante sana). Naongeza moja tu: mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, au kichwa kipya kikaambatana na kushtukashtuka, aende kupigwa picha ya CT ya kichwa. Na asinunue dawa za minyoo za nguvu kwa kujihisi. Vifuko vya kwenye ubongo vikifa kwa pamoja, ubongo unavimba, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hiyo ni tiba ya hospitali, na kwa kawaida inaambatana na dawa za kutuliza uvimbe.

#13 Njombe

Samahani, naomba kuuliza bila kuhukumiwa. Natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ila niliziacha miezi saba nilipohama. Kichwa kinauma wiki ya tatu, si kikali sana, ila kila siku kimeongezeka kidogo. Homa ya mbali. Nimeshapima malaria, hakuna.

#14 Mleta uzi

Ndugu yangu, hakuna wa kukuhukumu hapa. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022/23, kwa hiyo swali lako ni la familia nyingi zinazosoma kimya.

Nenda kesho asubuhi kliniki ya CTC (ya huduma na tiba kwa wenye VVU) iliyo karibu, usisubiri wiki iishe. Kinga ikishuka sana, kuna fangasi anayeingia kwenye utando wa ubongo. Kichwa chake kinakuja hivyohivyo, kidogokidogo, wiki kwa wiki, na shingo inaweza isikaze hata kidogo. Kuna kipimo cha damu cha kumtafuta, na wakimwona watapima na maji ya mgongoni. Najua watu wanayaogopa maji ya mgongoni. Kwa ugonjwa huu kuyatoa kunapunguza shinikizo ndani ya kichwa, kwa hiyo ni sehemu ya tiba. Wala usianze mwenyewe kumeza dawa za kufubaza zilizobaki kabatini. Fangasi akiwepo inabidi atibiwe kwanza, wiki kadhaa, ndipo dawa zirudishwe. Tafadhali rudi utuambie umefika.

#15 Tukuyu

Na presha je? Bibi yetu akisikia kichwa ndiyo anameza ya presha, kisipouma anaacha.

#16 Mleta uzi

Mwambieni bibi ameze kila siku. Presha kwa kawaida haiumizi kichwa, ndiyo maana watu wanaishi nayo bila kujua. Kichwa kinaingia ikishafika juu kabisa, kwenye 180 kwa 120 huko, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

Mjamzito ni habari nyingine. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba mpaka wiki sita baada ya kujifungua, kichwa kikali, macho kuona vimulimuli, uso na mikono kuvimba au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, ni kupima presha siku hiyo. Kwake hata 140 kwa 90 ni kubwa.

Na kwa kuwa ni bibi: kichwa kipya ambacho mtu hajawahi kukijua, kikianza baada ya miaka 50, kinahitaji daktari. Vilevile kama aliteleza akajigonga wiki kadhaa zilizopita, sasa kichwa kinauma na anasinzia au anachanganya majina ya wajukuu. Damu inaweza kuwa inavuja taratibu ndani. Hiyo ni kwa wazee, na kwa walioanguka na bodaboda wakanyanyuka wakasema "niko poa".

Kuna kimoja hakina mjadala: kichwa kinacholipuka, ndani ya dakika moja kimefika kileleni, mtu anasema hajawahi kupata kama hicho maishani. Mishipa inaweza kuwa imepasuka. Hivyohivyo kichwa chenye mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama. Tafuta gari, si dawa.

#17 Njombe

Nimefika. Wamenilaza, wametoa maji ya mgongoni. Naandika nikiwa kitandani. Kichwa kimepungua leo.

#18 Mleta uzi

Ahsante Mungu. Pumzika, kunywa maji, tupo.

#19 Makete

Dada, nimesoma uzi wote na mke wangu pembeni, mjamzito miezi mitano. Huku Makete usiku barafu inaganda kwenye majani, na sisi ni wa jiko ndani tangu utoto. Tunaamka vichwa vizito, tulidhani ni baridi. Sasa tutaota vipi?

#20 Mleta uzi

Kaka, oteni moto jioni mlango na dirisha vikiwa wazi, na kabla hamjalala litoeni jiko nje lote na majivu yake, maana hata majivu yana makaa ndani. Chemsheni maji, jazeni kwenye chupa ngumu au dumu dogo, fungeni vizuri, zungushieni kitambaa, wekeni miguuni chini ya blanketi. Na kesho mpeleke mama kliniki, waelezeni kuhusu jiko, hata kama anajisikia vizuri. Mtoto tumboni anaweza kuathirika hata mama akijiona mzima.

#21 Makete

Nimelitoa sasa hivi, liko uani. Dumu la maji liko motoni.

#22 Makete

Asubuhi njema. Tumeamka na baridi kali, lakini vichwa vyepesi wote wawili. Tunashuka kliniki.